Mkwaju Mbaya Haukumalizi, Unaokumaliza Ni Ule Unaofuata



Leo naongea gofu. Usipite kwanza. Najua kwa wengi wetu gofu ni ya wazee wenye vitambi na magari makubwa, na kwa hii mbogi yetu hakuna msee anamiliki hata fimbo moja. Mimi pia sina. Lakini nimetembea kwa hizo nyasi kuliko wengi wenye fimbo zao, kwa sababu nilikuwa kedi. Kedi ni yule msee wa kubeba mkoba wa mchezaji, kutafuta mpira wake vichakani na kunyamaza akianza kutukana.

Kwa wageni: mimi ni wa Kariandusi, hapa kando ya barabara kuu ukitoka Gilgil ukielekea Nakuru, ziwa Elementaita likiwa chini yako. Watu wanatujua kwa vitu viwili. Kuna ule mgodi wa udongo mweupe kama unga, diatomaiti. Halafu kuna mawe. Louis Leakey alifika hapa 1928 akakuta shoka za mawe za watu walioishi karibu miaka milioni moja iliyopita. Ukikulia hapa unapelekwa kuyaona hayo mawe na shule mpaka unachoka.

Hakuna mtu anatujua kwa gofu. Lakini gofu iko hapa Bonde la Ufa, tena kitambo. Iko Nakuru, iko Njoro, iko kule juu kwa mteremko wa Eburru upande wa Naivasha. Na nilipoacha chuo nikarudi nyumbani bila shilingi, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kubeba mikoba kwa uwanja mmoja wa huku kwetu. Hiyo kazi ilinifunza kitu ambacho sikufunzwa popote, na ndicho nataka tubishane juu yake leo.

Maoni yangu ni haya: mpango wako ukiharibika, kuharibika kwenyewe mara nyingi hakukumalizi. Kinachokumaliza ni kile unachofanya dakika inayofuata ili watu wasione umeharibu.

Acha nieleze.

Jumamosi moja kulikuwa na shindano. Nilikuwa kedi mpya, nikabebea mdosi mmoja anayepiga mpira mbali ajabu. Alicheza poa siku nzima. Tukafika shimo la mwisho, matokeo ya waliotangulia yako kwa ubao, na hesabu ilikuwa rahisi: akimaliza kwa mikwaju mitano, zawadi ni yake. Shimo lenyewe ni la mikwaju minne, yaani waliotengeneza uwanja wanatarajia mchezaji mzuri amalize kwa nne. Alikuwa na mmoja wa akiba.

Akatoa draiva, ile fimbo kubwa kuliko zote. Mpira ukaenda kushoto, ukaingia kwa migunga.

Tulipoufikia ulikuwa umekaa vizuri tu, lakini mbele kulikuwa na miti. Kati ya miti miwili kulikuwa na nafasi kama mlango wa choo, na nyuma ya huo mlango, mbali, ni bendera. Kando kulikuwa wazi kabisa. Mkwaju mmoja mfupi wa kutoka, mmoja wa kufika kwa bendera, miwili ya kuingiza. Tano. Zawadi.

Nikasema, “Mdosi, si tutoke tu hapa kando?”

Akaniambia, “Wewe beba mkoba.”

Mpira ukagonga mti ukarudi nyuma yetu. Akapiga tena, mti ule ule. Mkwaju wa nne ndio ulitutoa. Alimaliza kwa tisa. Alinilipa bila kuniangalia usoni, na sikumlaumu, maana hata mimi nisingetaka kuangaliwa.

Aliyeshinda ni mama mmoja wa miaka sitini hivi ambaye hawezi kupiga mpira hata nusu ya umbali wa mdosi wangu. Kedi wake alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Guka, kwa heshima, kwa sababu alianza kubeba mikoba kabla wazazi wetu hawajaoana. Jioni tukinywa chai nyuma ya jikoni, Guka akaniuliza, “Kijana, mtu wako alitazama wapi kabla ya kupiga?”

Nikasema alitazama bendera.

“Hapana. Nilikuwa namwona. Alitazama veranda.”

Na ni kweli. Kwa veranda ya klabu kulikuwa na marafiki zake wameshika glasi, wanamngoja. Mpira ulikuwa umeingia miti mbele yao. Kutoka kando kungekuwa kukubali mbele yao kwamba amekosea. Kwa hivyo akacheza mkwaju wa kufuta kosa. Mimi siku hizi nauita mkwaju wa aibu.

Usidhani ni ushamba wa huku kwetu. Mkwaju wa aibu unaojulikana zaidi duniani ulipigwa Carnoustie, Scotland, Julai 1999, kwenye The Open, moja ya mashindano manne makubwa kabisa ya gofu. Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Shimo la mikwaju minne. Angemaliza kwa sita bado angekuwa bingwa. Sita! Angeweza kulicheza lote kwa fimbo fupi, polepole kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni.

Akachukua draiva. Mpira ukaenda kulia sana, lakini bahati ikamwokoa, ukakaa pazuri. Hapo angeweza kupiga mfupi, asivuke kile kijito kilicho mbele ya shimo. Akapiga mrefu. Ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma, ukatua kwa nyasi ndefu. Kufikia hapo bado hajapoteza kitu! Amepiga mikwaju miwili, amebaki na minne ya kutwaa ubingwa. Angeuchomoa tu mpira kando. Akajaribu kuvuka maji kutoka kwa hizo nyasi. Mpira ukaingia kijitoni. Kuna picha yake amevua viatu na soksi, amesimama ndani ya maji, anawaza kama atapiga mpira ukiwa humo humo. Alimaliza kwa saba. Wakaenda mashimo manne ya ziada, akashinda Mskoti Paul Lawrie, ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa nyuma kwa mikwaju kumi.

Ile ya jukwaa ilikuwa bahati mbaya, sikatai. Lakini ukihesabu, kila mara alikuwa na njia ya kutoka, na kila mara alicheza kana kwamba mpango wa mwanzo bado uko hai.

Sasa hapa ndipo Guka alinifungua macho. Alisema watu wanadhani uwanja ni mmoja kila siku. Mpango mzuri wa jana unaweza kuwa takataka leo, na kazi ya kedi ni kuona hiyo tofauti kabla ya mchezaji.

Chukua urefu wa mahali. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, haiukabi mpira sana, kwa hivyo unaenda mbali zaidi. Fimbo inayokupa mita 150 ukiwa Nyali, Mombasa, huku itakupa kama mita 160 hivi. Mgeni wa Pwani akija Nakuru na hesabu zake za nyumbani, mipira yote inapita shimo. Wa Nakuru akishuka Mombasa anapiga mifupi halafu analaumu fimbo. Wala hakuna aliyesahau kucheza. Ni uwanja umebadilika, na wao wamebeba mpango wa nyumbani.

Chukua nyasi. Viwanja vingi vya nyanda za juu vina ile nyasi inaitwa kikuyu. Asili yake ni huku Afrika Mashariki, lakini imesambaa duniani mpaka Riviera, ule uwanja maarufu wa Los Angeles. Ikikatwa fupi inaubeba mpira juu vizuri, unapiga kama umewekewa. Ikiwa ndefu inashika fimbo kama mtoto aliyeshika sketi ya mamake, haiachi. Nimeona wanaume wenye misuli wakijaribu kutoa mpira humo na fimbo ndefu, mpira unasonga hatua tatu. Guka angempa yule mama fimbo fupi nzito, amwambie, “Toka tu, mama. Ukishatoka tutaongea.”

Chukua upepo. Asubuhi huku kumetulia. Mchana upepo unaamka, na shimo ulilocheza kwa fimbo namba 8 saa mbili asubuhi linataka namba 6 saa nane. Unaruhusiwa kubeba fimbo 14 na si zaidi. Hizo 14 ni kwa sababu hakuna fimbo moja ya kila kitu. Hata wale wazee wetu wa mawe walijua. Pale jumba la makumbusho utaona shoka za obsidiani, lile jiwe jeusi kama kioo, na nyingine za mawe ya volkano. Moja inakata vikali lakini inavunjika haraka. Nyingine ni butu kidogo lakini ngumu.

Na kuna sheria moja ya gofu naipenda kuliko zote. Mpira wako ukiwa mahali pabaya kabisa, unaruhusiwa kusema hauchezeki. Unajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, unautoa, unaudondosha karibu na hapo, unaendelea. Fikiria. Mchezo wenyewe umeweka bei ya kukubali kosa, na hiyo bei ni mkwaju mmoja. Mdosi wangu alikataa kulipa mmoja, akalipa minne.

Tufanye hesabu ya ule mlango wa choo, ndio usiseme naongea hisia. Tuseme ni shimo la mikwaju minne na tayari umepiga mmoja ukaingia miti. Ukitoka kando, mara nyingi unapata tano. Ukijaribu ule mlango, tuseme unafaulu mara mbili kati ya kumi na kupata nne. Hizo nane zingine unagonga mti, unapata sita au saba. Jumlisha ugawe kwa kumi: wastani wako ni sita. Yaani ile njia inayoonekana ya kishujaa ni mbaya kwa mkwaju mzima kila ukiichagua. Lakini utakumbuka ile miwili iliyopita, kwa sababu hiyo ndiyo watu hupigia makofi.

Sasa nije kwangu. Mimi si msee wa kucheka mdosi.

Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kwenye video nimewahi kusema “karo ilikataa.” Hiyo ni nusu ya ukweli, na leo nalipa adhabu yangu.

Muhula huo mamangu aliuza ng'ombe, akanitumia 23,000 kwa simu. Nikaweka 3,000 kwa mkeka wa mpira wikendi hiyo. Sikuwa nataka utajiri, nilitaka tu hela ya matumizi juu ya karo. Mkeka ukachanika kwa timu moja.

Hapo ndipo nilikuwa kwa miti, mpira umekaa vizuri. Simama hapo na mimi. Nilikuwa na 20,000. Ningeenda ofisi ya karo niwaambie nimepungukiwa na elfu tatu, nipewe muda. Ningempigia mamangu nimwambie nimefanya ujinga. Angenigombeza vibaya. Angenyamaza siku mbili. Mkwaju mmoja wa adhabu.

Badala yake nikaangalia veranda. Nikaona uso wake, nikaona jirani zetu waliojua ng'ombe ameenda wapi. Nikasema nirudishe hizo elfu tatu kabla mtu hajajua. Kufikia Jumatano usiku sikuwa na kitu. Zile 3,000 za kwanza hazikunitoa chuo. Zile 20,000 za kufuta aibu ndizo zilinitoa.

Na sikuishia hapo. Nilikaa hosteli karibu muhula mzima nikijifanya nasoma. Mama akipiga simu, “Umekula, kijana wangu? Masomo yanaendaje?” namwambia yako sawa. Huo ulikuwa mkwaju wa tatu, ndani ya maji, bila viatu.

Nilipomwambia hatimaye, nilikuwa nimesimama mlangoni na begi. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kitu kimoja tu: “Ungeniambia siku ya kwanza.” Hakusema “ungeshinda.” Hakusema hata “usingecheza.”

Najua kuna msee anaandika saa hii: sasa unatuambia tucheze salama maisha yote? Tusijaribu? Mtandaoni kila siku kuna mtu amesimama kando ya gari la kukodi anakuambia weka zote, choma daraja, ukiwa na mpango wa pili hauna imani na wa kwanza. Na kuna watu waliomoka hivyo, ni kweli.

Hata kwa gofu wapo. Seve Ballesteros, yule Mhispania aliyeshinda Kenya Open 1978, alijulikana dunia nzima kwa kutoa mipira mahali ambapo wewe na mimi tungeenda nyumbani. Lakini uliza alifikaje hapo. Akiwa mtoto huko Pedreña alijifunza na fimbo moja tu, aiani namba 3, akipiga mipira kwa mchanga wa ufuo. Fimbo moja kwa kila aina ya mkwaju, miaka na miaka. Kwa hivyo akisimama vichakani na kuona njia, kwake hiyo si bahati nasibu. Ni kitu amefanya mara elfu. Mlango wa choo kwako ni lango la stendi kwake.

Halafu mtazame Tiger Woods. Ni nani anapenda kushambulia kuliko Tiger? The Open ya 2006 ilichezwa Hoylake, Uingereza, kiangazi kikali, nyasi zimekauka, ardhi ngumu kama barabara. Mpira ukitua unakimbia wenyewe, na kando kumejaa mashimo ya mchanga. Tiger aliangalia hiyo ardhi akaweka draiva kwa mkoba. Siku nne nzima aliitumia mara moja tu. Alipiga aiani mchana kutwa, akiwa nyuma ya watu waliopiga mbali kumliko, halafu akawashinda wote. Nani atasema Tiger alikuwa mwoga?

Kwa hivyo sisemi usijaribu. Ujasiri na aibu zinafanana sana kwa mbali, zote zinataka draiva. Tofauti utaiona kwa swali moja: kama hakuna mtu anakuangalia, bado ungepiga huo mkwaju? Kama ndiyo, na umeufanyia mazoezi, piga, usinisikilize. Kama jibu ni “nataka tu waone sijakwama,” toka kando.

Nawaambia hivi kwa sababu inbox yangu imejaa. Kuna dem amepewa matokeo mabaya na ameamua kuficha wazazi mpaka arudie mtihani. Kuna jamaa biashara yake ya viatu imekataa, na anataka kukopa kwa app tatu ili wateja wasijue stoo imeisha. Kuna wale wa mkeka, na nyinyi nawajua kwa majina ya utani. Wote mnaniuliza swali moja: nifanyeje ili nirudi nilipokuwa?

Guka hakuwahi kumwambia mteja arudi alipokuwa. Mpira uko ulipo. Ile draiva imeshapigwa. Alikuwa anauliza mambo matatu tu, kwa sauti ya chini, kabla ya kutoa fimbo. Mpira umekaaje? Kutoka hapa, unaweza kufika wapi kwa fimbo unayoiweza leo, si ile ya siku yako nzuri? Na ukifika hapo, unaofuata utakuwa rahisi? Basi. Hayo matatu. Na yule mama wa miaka sitini akawashinda wanaume wenye mikono kama milingoti.

Mimi bado niko kwa shimo hili. Chuo sijarudi, na sitadanganya kwamba hizi video zinalipa kama mnavyodhani. Sikuambii uache shule, kama uko na karo soma. Mwaka jana nilimaliza kumlipa mama zile 23,000, nyingi ni za mikoba, zingine za hapa. Alizipokea, akanunua ndama. Hatukuongea mengi. Alinionyesha tu ndama akaniambia nimpe jina.

Kama kuna simu umekuwa ukiogopa kupiga, ile ya mkwaju mmoja wa adhabu, ipige leo kabla hujafika kijitoni. Ukishapiga, niandikie iliendaje. Hata kama waligombeza. Hasa kama waligombeza.